Barua ya wazi kwa mnaotuambia tulinde namba za siri

Lubumbashi, komine ya Katuba

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya posta na mawasiliano. Kwa Mheshimiwa Gavana wa mkoa wetu wa Haut-Katanga. Kwa wakuu wa ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, na wa Banque Centrale du Congo, benki kuu. Kwa prokireri, mwendesha mashtaka wa serikali, na makamanda wa polisi wa jiji letu. Kwa wakurugenzi wa makampuni ya simu.

Waheshimiwa,

Kuna shauri moja mnalotupatia bila kuchoka, kwa ujumbe wa simu, redioni na kwenye mabango: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Ni shauri zuri. Nami nalirudia kutwa mbele ya wateja wangu mpaka sauti inanikauka. Ila kila ninapolisikia likitoka kwenu, nasikia na lile ambalo halikutamkwa: kwamba aliyeibiwa kwa simu kajitakia, angekuwa mwangalifu yasingemkuta. Nawaandikia kulikataa hilo. Katika mtaa wangu naona nani anaibiwa na nani anapona, na tofauti yao haiko kwenye akili. Iko kwenye mega alizo nazo mtu, yaani intaneti aliyoweza kuinunua, kitambulisho alicho nacho, umeme unaofika kwake, kazi anayoitafuta, na mtu wa kumkimbilia mara tu pesa zinapoondoka. Karibu yote hayo yako mikononi mwenu.

Nijitambulishe kidogo. Nina kabini. Msomaji wa Dar es Salaam angeniita wakala: mwavuli, meza, kiti cha plastiki, simu za makampuni mbalimbali na daftari lililokunjamana. Hapa watu wanaweka pesa na kutoa pesa, za franka na za dola, wananunua yunite, yaani salio la kupigia, na mega. Kabla ya mwavuli huu nilisoma kriminolojia katika Université de Lubumbashi, ambayo ina shule nzima ya somo hilo. Nilipomaliza, kazi niliyoisomea haikupatikana, jambo ambalo halimshangazi mtu hapa jijini. Basi wizi wa mtandao naujua kwa vitabu, na naujua kwa machozi ya watu wanaosimama mbele ya meza yangu wakiniuliza kama naweza kuwarudishia pesa. Siwezi.

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, waliandika jambo ambalo wanafunzi wa kriminolojia bado wanalikariri. Walijiuliza kwa nini wizi uliongezeka nchini mwao baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakati maisha ya watu yalikuwa yanaboreka. Jibu lao ni kwamba mtu mbaya peke yake hatoshi kuleta uhalifu. Lazima vitu vitatu vikutane mahali pamoja na wakati mmoja: mwenye nia ya kuiba, mtu au kitu kinachoibika, na kukosekana kwa mlinzi. Nyumba za Marekani zilianza kushinda tupu mchana kwa sababu watu wengi zaidi, hasa wanawake, walikwenda kazini. Televisheni na vyombo vingine vya thamani vikawa vyepesi kubeba. Wezi hawakuhitaji kuwa wabaya kuliko baba zao. Maisha ya kila siku ndiyo yaliyobadilika.

Ya kwetu nayo yamebadilika. Tangu pesa za simu zianze kuenea Kongo mnamo 2012, noti zimetoka chini ya godoro zikaingia kwenye simu. Mtu wa Katuba ambaye benki haikumtaka kamwe sasa ana akaunti mbili, ya franka na ya dola, ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Ni maendeleo, sibishi. Mimi mwenyewe nakula kwayo. Lakini mlinzi hakuhama pamoja na pesa.

Nianze na mega, maana mnapenda kusema kwamba dawa ni kuelimisha watu. Kijana asiye na kazi hanunui intaneti yote. Ananunua forfe, yaani kifurushi, ya siku, au ile ya WhatsApp na Facebook peke yake, kwa kuwa ndiyo inayolingana na franka zilizo mfukoni. Tangazo la kazi linamfikia humo kama picha iliyopita simu hadi simu: nembo ya kampuni ya mgodi, muhuri mwekundu, orodha ya kazi, dereva wa kamioni, mlinzi, mpishi, fundi wa kuchomelea, mahali ni Fungurume au Kolwezi, na chini yake namba ya WhatsApp ya mkuu wa waajiriwa. Anaandika. Anajibiwa kwa heshima, kwa Kifaransa safi kuliko cha ofisi nyingi ninazozijua. Anaambiwa amechaguliwa. Zinabaki dola 20 tu za dosie, yaani za kushughulikia faili lake. Baada ya dosie, dola 30 za vipimo vya daktari. Baada ya daktari, nauli ya kumpeleka kambini. Nimeona kijana akija mezani kwangu kutuma pesa hizo akiwa na tabasamu, akarudi na mama yake, akarudi tena na pesa za redio iliyouzwa. Nilimwambia wazi ninavyofikiri. Mama yake aliniangalia kama mtu anayemwonea mwanawe wivu.

Angewezaje kuhakikisha? Angefungua tovuti ya kampuni, mahali ambapo migodi huandika kwamba haimtozi mtu pesa ili kumwajiri. Forfe yake haifiki huko. Uongo umo ndani ya kile alicholipia, onyo liko nje yake. Mtoto wa Golf, mtaa wa wenye nazo, mwenye wifi nyumbani anapata tangazo lilelile, analitafuta kwenye tovuti, halioni, analicheka. Wote wawili wana diploma ya serikali ya kumaliza sekondari. Kilichomwokoa mmoja ni bei ya mega.

Kuna sababu nyingine, na hii itawauma. Kijana huyu analipa kwa sababu amezoea kulipa. Hapa kwetu kazi ya kweli nayo ina bei. Sahihi ina bei, cheti kina bei, hata kuonana na mlinzi wa geti kuna bei, na risiti hakuna. Tapeli anapodai pesa za dosie bila risiti hasikiki kama mwizi, anasikika kama ofisi. Hakubuni kitu, ameiga alichokikuta. Mkitaka kupunguza wizi wa mtandao Haut-Katanga, sehemu ya kazi hiyo haihusu mtandao hata kidogo: bandikeni ukutani bei za huduma zenu, toeni risiti, na vijana watajifunza kushtuka wanapoombwa pesa za kichochoroni.

Matapeli wanatumia hata wema wetu. Akaunti ya WhatsApp ya shemeji inatekwa, kwa zile tarakimu sita za kufungulia akaunti ambazo aliombwa azitume, na kesho yake "shemeji" anaomba mchango wa kilio katika kundi la ukoo. Nani anahoji kilio? Anayetaka kwanza kuhakikisha maiti ndipo achange anaonekana mchawi. Sitaki undugu uishe ili matapeli wakose kazi.

Umeme ni habari fupi. Benki ya Dunia inakadiria kwamba kama mtu mmoja kati ya watano nchini ndiye mwenye umeme. Sisi wa Lubumbashi tunahesabiwa kati ya wenye bahati, na bado kuna mitaa inayokaa giza siku kadhaa. Watu wanaacha simu kwenye vibanda vya kuchajia asubuhi na kuzichukua jioni: simu, SIM iliyomo, na mara nyingi namba ya siri ambayo ni mwaka wa kuzaliwa wa mwenyewe. Simu zenyewe ni za mkono wa pili, zimeacha kupokea marekebisho ya usalama zamani. Na kwa kuwa kupakua programu kunakula mega, tunapeana programu simu kwa simu, pamoja na zile WhatsApp za bandia zenye rangi na madoido. Kilichofichwa ndani yake anakijua aliyezitengeneza.

Sasa ile namba ya siri mnayoihubiri. Mimi najua namba za siri za watu wengi wa kartie hii, mtaa wetu. Sikuziomba. Mama mzee haoni vizuri, au hakusoma, au maandishi yamekuja kwa Kifaransa. Ananikabidhi simu na kuitamka namba yake kwa sauti, foleni nzima inasikia. Nikimwambia, "Mama, usiitamke," ananijibu, "Sasa mwanangu, nani atanibonyezea?" Shauri lenu linadhani kila mwenye simu anaisoma simu yake, peke yake, mahali pa faragha. Katika nyumba nyingi hapa simu moja ni ya watu watano, na mjukuu wa miaka kumi na miwili ndiye karani wa familia. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini maonyo yenu mengi yananifikia kwa Kifaransa. Yule tapeli wa kazi za migodi huandika Kifaransa, ndiyo. Mwenzake anayewinda pesa za simu hupiga kwa Kiswahili chetu cha hapa, anakuita yaya, yaani dada au kaka mkubwa, anauliza watoto wameamkaje, kisha ndipo anakwambia kuna pesa zimeingia kwako kwa makosa.

Kwenye kitambulisho naona deni lenu kubwa kuliko yote, na hapa naomba mnivumilie. Sensa ya mwisho ya watu nchini ilifanyika 1984. Mkongomani wa kawaida hana kitambulisho cha taifa. Tunatumia kadi ya mpigakura, na nyingi za kadi zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa 2023 zilifutika maandishi ndani ya miezi michache, sura ya mtu ikabaki kivuli. Mwenye kadi iliyofutika atasajilije SIM kwa jina lake? Ananunua barabarani SIM iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu asiyemjua. Muuzaji naye ana idadi aliyopangiwa kuuza, hivyo haulizi maswali.

Fuateni njia ya SIM hiyo. Tapeli anaipenda, kwa sababu ikifuatiliwa itawafikisha polisi kwa bibi wa kijijini asiyejua lolote. Mteja mwaminifu pia anayo, kwa kukosa nyingine. Siku simu yake ikiibiwa, au mtu akiichukua namba yake kwa hila, anakwenda dukani kudai na kuambiwa kwamba jina hili si lake. Pesa ni zake, jasho ni lake, jina ni la mwingine. Pengo lilelile linamficha mwizi na kumvua aliyeibiwa. Na pengo hilo halikuletwa na matapeli.

Msituambie hakuna fedha za kuliziba. Kuanzia Septemba 2020 tulikatwa kwenye yunite malipo ya RAM, Registre des Appareils Mobiles, yaani daftari la simu zote nchini, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu yenye intaneti ya kasi. Tuliambiwa ni ya kupambana na simu bandia na simu za wizi. Wananchi walipiga kelele, wabunge wakapiga kelele, na mwaka 2022 ikaondolewa. Ina maana mnajua kumfikia kila mwenye simu nchini, mpaka kwenye yunite zake za mwisho, pale mnapotaka kukusanya.

Niwape mfano mmoja kutoka kartie hii. Mama mmoja anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, aliona simu yake imekosa mtandao tangu saa kumi jioni. Mahali ambapo mtandao haukatiki, mtu angeshtuka: huenda kuna mtu ameomba SIM mpya kwa namba yangu. Yeye alidhani ni yale yale ya kila wiki, akalala. Usiku huo akaunti yake ilitolewa pesa zote, za franka na za dola, kwa SIM mpya iliyotolewa mbali na hapa kwa mtu ambaye hakuwa yeye. Nalikumbuka jambo hili kila ninaposoma kwamba wanaoibiwa hawana uangalifu. Dalili ya hatari ilikuwepo. Ubovu wa mtandao ndio ulioifanya ionekane kawaida.

Asubuhi alikwenda polisi. Aliombwa pesa ya karatasi, kisha pesa ya nauli ya afisa. Akaambiwa kampuni haiwezi kutaja aliyepokea pesa bila barua ya prokireri. Hilo ni sawa. Sitaki siri za wateja zitolewe ovyo. Lakini barua ilichukua wiki kadhaa, wakati pesa za wizi hukaa dakika chache tu katika akaunti ya kwanza, zikaruka ya pili, ya tatu, zikatolewa taslimu kwenye kabini kama yangu, katika jiji jingine. Alipofuatilia kwa kampuni, alijibiwa kwa ujumbe kwamba alinde namba yake ya siri. Hakuwahi kuitoa. Aliyeitoa SIM hakuulizwa.

Alichopoteza ni kidogo mkikitazama kutoka ofisini. Kampuni iliyotumiwa fakture, yaani ankara, ya uongo ikapoteza maelfu ya dola ina mwanasheria, ina bima, ina meneja wa benki anayepokea simu usiku. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya Wakongomani 73 katika kila 100 waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Kwa mtu wa namna hiyo dola 40 ni mtaji wote: furushi la makayabo la wiki ijayo, ada ya shule ya mtoto wa sekondari, kodi ya chumba. Aliyeibiwa anakopa, anayekopa anatafuta pesa za haraka, na anayetafuta pesa za haraka ndiye anayeingia wiki inayofuata katika kundi la WhatsApp linaloahidi kuzalisha dola zako mara mbili kwa mwezi. Wazee wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyowaahidi watu faida kubwa kwa pesa walizoweka, ikaporomoka 1991. Mtego ule unarudi kwa jina jipya kila maisha yanapobana, na sasa hauhitaji hata ofisi ya kuvunjwa vioo.

Kuna wizi mwingine ambao mezani kwangu hauji kwa sauti. Msichana anakuja kutuma pesa, anarudi baada ya siku chache, anarudi tena, namba ni ileile, na hatazami juu. Mtu ana picha zake. Polisi hataki kwenda, kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni kwa nini alipiga picha hizo, na atalijibu mbele ya wanaume wanne katika chumba kisicho na mlango. Simlaumu. Wekeni afisa mwanamke na chumba chenye mlango, halafu ndipo tuzungumze kuhusu wasichana wasioripoti.

Sheria ipo. Tarehe 13 Machi 2023 ilitiwa sahihi amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010, Code du numérique, yaani sheria ya mambo ya kidijitali, inayoadhibu udanganyifu na uvamizi wa mitandao na kutaja kuundwa kwa chombo cha taifa cha usalama wa mtandao. Niliisoma kwa furaha. Lakini wengi wetu tuliisikia kwa mara ya kwanza mwandishi wa habari Stanis Bujakera alipokamatwa Septemba 2023, akidaiwa kueneza waraka wa uongo kwa ujumbe wa simu. Sheria hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizotajwa katika mashtaka yake, naye alikaa gerezani mpaka Machi 2024. Kumbe serikali ikitaka, inajitahidi kutafuta ujumbe mmoja wa simu umetoka wapi. Naomba juhudi hiyo ifike na kwa muuza makayabo.

Wala msikimbilie kuzima mtandao na kuuita huo ulinzi. Tulizimiwa intaneti kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa karibu wiki tatu. Wafanyabiashara wadogo waliumia siku hizo bila tapeli yeyote kuwagusa.

Wengine wanafanya nini? Majirani zetu wa Tanzania wana namba fupi, 15040, ambayo raia anaipelekea ujumbe na namba ya tapeli. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu 7 Oktoba 2024 benki zinalazimika kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma pesa mwenyewe, hadi pauni 85,000, nusu ikilipwa na benki iliyotuma na nusu na ile iliyopokea. Najua sisi si Uingereza. Lakini chukueni wazo lililomo: hasara ikimwangukia mwenye uwezo wa kuizuia, ataizuia. Leo kwetu inamwangukia yule asiye na uwezo wowote, na makampuni yanakata komisheni yao hata kwenye pesa za wizi. Nami nakata yangu, pale ninapotoa pesa bila kujua zimetoka wapi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolidai, na mkifanya hili peke yake nitawashukuru, ni namba moja fupi, ya bure, kwa makampuni yote, inayopokelewa kwa Kiswahili na lugha nyingine za taifa, usiku na mchana, yenye mamlaka ya kuzuia papo hapo pesa katika akaunti iliyozipokea, na katika ile ya pili na ya tatu, wakati uchunguzi unafanyika. ARPTC na Banque Centrale zikae meza moja. Mwizi anavuka kutoka kampuni hadi kampuni bila pasipoti, nanyi bado mnaandikiana barua. Sisi wenye kabini tupewe njia hiyohiyo. Ni sisi tunaoona mtu asiye wa mtaa akitoa pesa kwa simu tatu tofauti mfululizo, na leo hatuna pa kumtaja.

SIM ikibadilishwa, pesa za namba hiyo zisitoke kwa siku mbili au tatu, isipokuwa mwenyewe afike kwa miguu yake na atambuliwe. Kampuni iliyotoa SIM kwa mtu asiye mwenye namba ilipe. Ilipe yote, bila mteja kuandika barua kumi.

Usajili wa SIM usafishwe, ila kwa upole. Najua ofisi zetu: mkiagizwa kusafisha, mtakata laini za maskini kwanza na kutangaza ushindi. Chifu wa mtaa na majirani wawili wanamjua mtu kuliko kadi iliyofutika. Ushahidi wao ukubaliwe mpaka hapo serikali itakapotupatia kitambulisho tulichoahidiwa kwa muda mrefu.

Makampuni yaache kurasa za kuthibitisha zifunguke bila mega: orodha ya nafasi za kazi zilizopita Office National de l'Emploi, ofisi ya taifa ya ajira, maonyo ya migodi, maonyo ya benki. Forfe ya WhatsApp isiwe kifungo cha asiye na pesa. Hilo halihitaji sheria mpya, linahitaji mkutano mmoja na wahandisi wao.

Polisi wapokee mashtaka ya wizi unaofanywa kwa simu bila senti moja, wampe mtu karatasi yenye namba ya kesi siku hiyohiyo. Na kila baada ya miezi mitatu tutangaziwe, kampuni kwa kampuni, ni malalamiko mangapi yamepokelewa na ni mangapi yamelipwa. Mtaona jinsi wakurugenzi watakavyokuwa wepesi jina la kampuni likisomwa redioni la mwisho kwenye orodha.

Nasema haya sasa kwa sababu mtandao unapanuka. Starlink ilipewa leseni Mei 2025, nyaya zinaongezwa, simu zinashuka bei. Wakongomani walio wengi bado hawajaingia kwenye intaneti, na watakaoingia miaka hii ni wazee, ni wakulima wa Kasenga na Pweto, ni wale wenye simu ya kwanza maishani. Wataingia kwa forfe ndogo kuliko hizi za Katuba, kwa simu za zamani kuliko hizi, na kwa kusomewa ujumbe na mtoto. Mkiwapokea na lile shauri la namba ya siri peke yake, mtakuwa mmewapeleka sokoni usiku bila taa.

Kuhusu matapeli wenyewe, wengine nimesoma nao. Siwatetei, na akikamatwa mmoja nitakuwa wa kwanza kutoa daftari langu kama ushahidi. Lakini msishangae kwamba kijana aliyetapeliwa pesa za dosie leo anajifunza mwakani kuliandika tangazo hilohilo. Amelisoma vizuri kuliko yeyote.

Jibu lenu lisije kwa komunike ya Kifaransa iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi. Lisomeni redioni kwa Kiswahili, jioni watu wakiwa nyumbani, na mtaje tarehe ambayo namba hiyo fupi itaanza kupokea simu. Tarehe hiyo nitaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadibodi na kuibandika mezani kwangu.

Wenu kwa heshima,

Mama Kabini
Katuba, Lubumbashi